Matairi Niliyokuja Nayo

Fundi wa kwanza niliyempigia simu hakutaka kujua pikipiki yangu ni ya aina gani wala matairi ni ya ukubwa gani. Aliniuliza nimeyanunua wapi. Nilipomjibu kwamba nimeyaagiza kwa muuzaji wa mtandaoni na kwamba yamekwisha kufika, yamelala sebuleni yakinuka mpira mpya, alinishukuru kwa kupiga simu na kunieleza kwamba gereji yake hufunga matairi inayoyauza yenyewe tu. Wa pili alikubali, ila kwa ujira uliokaribia mara mbili ya ule anaowatoza wanaonunua tairi kwake. Wa tatu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Yalete, ndugu yangu, lakini kwanza tuelewane."

Kabla ya kumfikia huyo wa tatu nilikuwa nimekwisha kujijaza hasira ya mtu anayeamini kwamba ameonewa. Nilijiambia kwamba mshonaji haulizi kitambaa kimetoka duka gani. Anapima, anakata, anashona, analipwa, na kila mtu anakwenda zake. Kwa nini basi fundi wa pikipiki ajifanye mlinzi wa njia zangu za manunuzi? Nilimtolea fundi wa tatu hoja hiyo nilipokwenda kumwona, nikidhani nimemweka pabaya. Alicheka, akafuta mikono kwa kitambaa, akanijibu kwamba nguo ikichanika mtu hubadilisha nguo.

Sitaki kujifanya kwamba fedha hazimo katika jambo hili. Gereji inayouza matairi hupata faida katika tairi lenyewe, na faida hiyo ndiyo inayoiruhusu kutaja ujira mdogo wa kufunga, au hata kusema kwamba kufunga ni bure. Mteja anapoingia na tairi lake mkononi, faida ile haipo tena, na kazi inabaki uchi na bei yake halisi: saa ya fundi, mashine, vizani vya kubalansi, valvu, sabuni, na mahali pa kutupa tairi kuukuu ambalo hakuna anayelitaka. Kwa muda mrefu niliuona ule ujira wa fundi wa pili kuwa adhabu. Sasa naamini kwamba yeye ndiye aliyeniambia ukweli wa gharama kuliko wengine, ingawa sikumrudia.

Sababu nzito zaidi aliieleza fundi wa tatu, naye aliieleza kwa kisa. Mteja mmoja alimletea tairi la nyuma lililokuwa pana kuliko lile lililoandikwa katika kitabu cha pikipiki yake, kwa kuwa alipenda sura yake. Kipenyo kilikuwa kilekile, kwa hiyo tairi lilikubali kuingia. Lakini tairi pana likifungwa kwenye ringi nyembamba hubinywa kingo zake zikakaribiana, mgongo wake ukapata mviringo mkali kuliko ule aliokusudia mtengenezaji, na pikipiki ikalala kwenye kona kwa namna isiyotabirika. Mteja alirudi baada ya wiki akilalamika kwamba pikipiki inayumba. Muuzaji alisema kosa ni la ufungaji, fundi alisema kosa ni la tairi, na mteja akabaki amesimama katikati ya milango miwili, kila mmoja ukimwelekeza kwenye mwenzake. Tairi linalotoka rafuni kwa fundi, alisema, lina mlango mmoja tu wa kurudia.

Masharti yake yalikuwa matatu. Nilete magurudumu peke yake, si pikipiki nzima, maana hakutaka kufungua vitu vilivyofungwa na watu asiowajua. Atayakagua matairi mbele yangu kabla ya kugusa ringi, na akiona jambo asilolipenda atasema, na uamuzi utakuwa wangu. Tatu, tairi likionekana na kasoro baada ya kufungwa, kulivua na kufunga jingine ni kazi mpya yenye malipo mapya. Aliyaandika yote kwenye karatasi ya risiti kwa mwandiko mzuri, akaniomba nisaini. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nadhani urafiki wa fundi na mteja hupotea kwa njia hiyohiyo.

Kuyatoa magurudumu nyumbani kulinichukua asubuhi nzima, na si kwa sababu kazi ni ngumu. La nyuma linataka nati ya ekseli ilegezwe, mnyororo ulegezwe na kuvuliwa kwenye sproketi, yaani gurudumu dogo lenye meno, na gurudumu litoke bila kuangusha bushi, vile vipande vya bomba vya kulishika katikati, zilizo pande zake mbili. Bushi hizo hufanana kwa mbali, ila mara nyingi hazilingani urefu, na anayezichanganya hugundua wakati wa kurudisha kwamba gurudumu halikai katikati. La mbele linataka kalipa za breki, yaani vibano vinavyobana diski, zifunguliwe na kuning'inizwa kwa kamba, maana zikiachwa zining'inie kwa mabomba yake mabomba huumia. Nilipiga picha za kila hatua kwa simu. Niliyalaza magurudumu juu ya vipande vya mbao ili uzito usiegemee diski za breki, kwa kuwa diski iliyopinda kidogo tu hujulisha mkono wako kila unapobana breki. Katika uangalifu wote huo nilisahau jambo moja dogo, nalo nitalifikia.

Gerejini, fundi aliweka tairi la nyuma juu ya meza na kuanza kulisoma kama mtu anayesoma barua. 180/55 ZR17, na kando yake 73W. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo, ambayo hapa ni milimita 99. R ni muundo wa nyuzi zinazokwenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo. 17 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. 73 haimaanishi kilo 73, kama nilivyowahi kudhani kwa aibu yangu. Ni namba ya orodha ambayo maana yake ni uwezo wa kubeba kilo 365, na W ni mwendo wa hadi kilomita 270 kwa saa. La mbele lilikuwa 120/70 ZR17, 58W, yaani kilo 236 kwa mwendo huohuo. Alizilinganisha zote na kitabu cha pikipiki nilichokuja nacho. Akatafuta herufi TL, zinazoonyesha tairi lisilotumia tyubu, akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa ringi zangu ni za aloi. Ringi nyingi za spoku huvujisha upepo kwenye matundu ya spoku, na huko tyubu ni lazima.

Hadi hapo nilikuwa mwanafunzi mwenye alama zote. Kisha akaligeuza tairi la mbele, akalifuta vumbi kwa kidole gumba, na kuniita nisogee.

Kila tairi lenye alama ya DOT, yaani Wizara ya Usafirishaji ya Marekani, hubeba mwishoni mwa mfululizo wa herufi na namba tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa. Utaratibu huo wa tarakimu nne ulianza mwaka 2000. Kabla ya hapo zilikuwa tatu, na tairi halikusema ni la muongo gani. Mara nyingi tarakimu hizo huwekwa ubavu mmoja tu, kwa hiyo picha ya upande wa pili haikuambii chochote. La nyuma liliandikwa 4022, wiki ya 40 ya mwaka 2022, nasi tulikuwa mwishoni mwa 2023. La mbele liliandikwa 0819. Tairi nililolilipia kama jipya lilikuwa limekaa ghalani kwa muda uliokaribia miaka mitano.

Mpira huzeeka hata ukiwa haujagusa barabara. Hewa, joto, mwanga wa jua na ozoni inayotolewa na mota za umeme huukausha na kuufanya mgumu, na ugumu huo ndio unaopunguza uwezo wake wa kushika barabara, hasa kwenye lami iliyolowa. Watengenezaji kadhaa hushauri tairi lililotimiza miaka mitano tangu lianze kutumika lichunguzwe na mjuzi angalau mara moja kwa mwaka, na lisitumike kabisa baada ya miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama mikato yake bado ni mirefu. Kwa kipimo hicho tairi langu halikuwa bovu. Tairi lililohifadhiwa gizani, mahali pakavu na penye ubaridi, linaweza kukaa miaka kadhaa bila kudhurika sana. Lakini nani alinihakikishia kwamba lilihifadhiwa hivyo? Nilimuuliza fundi angefanya nini kama lingekuwa lake.

"Lingekuwa langu, ningelirudisha kwa aliyeniuzia kabla hujaliona," alisema. "Hili si langu. Ukisema nifunge, nafunga."

Katika jibu hilo nililiona jambo ambalo hasira yangu ya simu haikuniruhusu kuliona. Nilikuwa nimedhani kwamba kwa kununua kwingine nimekwepa faida ya muuzaji wa karibu, na kumbe niliichukua kazi yake pamoja na faida hiyo. Yeye ndiye ambaye angechagua ukubwa sahihi, angetazama tarehe, angelikataa tairi lililokaa sana, na angebeba hasara likiwa bovu. Kazi hizo hazikutoweka nilipobonyeza kitufe cha kununua. Zilihamia kwangu, na mimi sikujua kwamba nimeajiriwa.

Nilimwambia asilifunge la mbele. Tairi kuukuu la mbele lilikuwa bado halijawa kipara, hivyo nilikubali kurudi nalo barabarani kwa muda, naye akaendelea na la nyuma.

Hata hilo la nyuma halikuingia kwa urahisi. Lilisafirishwa likiwa limefungwa kwa mikanda ya plastiki iliyozikaza kingo zake mbili zikagusana, na mpira uliokaa hivyo kwa wiki kadhaa husahau umbo lake. Tairi la namna hiyo likiwekwa kwenye ringi, upepo hupita katikati ya ukingo na ringi bila kulijaza. Fundi alizitenganisha kingo kwa vipande vya mbao, akaliacha lipumue karibu na mlango, na kuhudumia wateja wengine watatu kabla ya kulirudia. Sikulalamika. Mikanda ile haikuwa yake.

Kazi yenyewe inapendeza kutazamwa inapofanywa na mtu anayeijua. Ndani ya kila ukingo wa tairi mna waya wa chuma usiorefuka, kwa hiyo hakuna mkono wenye nguvu za kuutanua upite juu ya mdomo wa ringi. Siri iko katika bonde linaloizunguka ringi katikati. Upande mmoja wa ukingo ukisukumwa ukazama ndani ya bonde hilo, upande wa pili hupata nafasi ya kuruka mdomo wa ringi kwa msaada mdogo wa leva. Anayesahau bonde huishia kupigana na chuma, akaikwaruza ringi au akaukata ukingo. Kilainishi ni maji ya sabuni au krimu ya kazi hiyo. Grisi na oili hula mpira, tena huacha tairi likiteleza juu ya ringi mtu anapofunga breki kwa nguvu. Kisha upepo unaingia, na kingo zinaruka kukalia mahali pake kwa mishindo miwili inayomshtua asiyeizoea. Fundi alitoa upepo, akajaza tena, akazungusha gurudumu taratibu akiutazama mstari mwembamba uliochorwa ubavuni karibu na ringi. Mstari huo ukiwa sawa mzunguko mzima, tairi limeketi; ukizama mahali, halijaketi, na upepo hauongezwi kupita kikomo cha mtengenezaji kwa kuwa tairi linaweza kupasuka usoni mwa mtu.

Nilipokuwa nikimtazama nilikumbuka kwamba ugomvi wangu na mafundi una umri wake. Baada ya John Boyd Dunlop kupata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, matairi ya baiskeli yalifungwa kwenye ringi kwa gundi, na kuziba pancha moja kuliweza kula saa kadhaa pamoja na kusubiri gundi ikauke. Mwaka 1891 ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, walipata hataza ya tairi linalovulika, na mwaka uleule Charles Terront alishinda mashindano ya Paris hadi Brest na kurudi akitumia tairi lao. Tangu tairi lilipoweza kuachana na gurudumu, liliweza pia kununuliwa kwa mmoja na kufungwa na mwingine.

Kulikuwa na nukta ya njano ubavuni, inayoonyesha mahali tairi lilipo jepesi, naye aliilinganisha na valvu, ambayo huhesabiwa kuwa mahali pazito pa ringi. Valvu yenyewe alikuwa ameibadilisha bila kuniuliza, akaniambia kwamba kufunga tairi jipya juu ya valvu ya mpira iliyozeeka ni kulipa kazi moja mara mbili. Kisha akaliweka gurudumu juu ya stendi ya kubalansi, linapozunguka huru hadi upande mzito ushuke chini wenyewe, akabandika vizani vya gramu chache upande wa juu, akarudia hadi gurudumu likasimama popote alipoliacha.

Nyumbani nilirudisha kila kitu kwa kufuata picha zangu kinyumenyume. Nati ya ekseli niliikaza kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni. Mnyororo niliupimia katikati ya sehemu ya chini ili ulegee kwa milimita zilizoagizwa, nikalinganisha alama za pande zote mbili za mkono wa chuma unaolishika gurudumu la nyuma ili gurudumu lisiende upogo. Nilijisifu, nikawasha pikipiki, na nilipoisukuma kutoka uani nikabana breki ya mbele. Mkono wa breki ulifika hadi mwisho bila kupata kitu. Nilikuwa nimezirudisha pistoni za kalipa nyuma ili pedi zipate nafasi, na sikukumbuka kuipampu breki hadi pedi ziguse diski tena. Uani kwangu hakuna mteremko. Nashukuru kwa hilo hadi leo.

Muuzaji wa mtandaoni alikubali kubadilisha tairi la mbele baada ya barua tatu, kwa sharti kwamba gharama ya kulirudisha iwe yangu. Jipya lilipofika, fundi wangu alikuwa safarini, na kwa kuwa sikuwa na subira nililipeleka gurudumu la mbele kwenye gereji nyingine. Walilifunga vizuri, walilibalansi, na hawakuniuliza nimelinunua wapi. Niligundua nyumbani, baada ya kurudisha ekseli na kalipa zote, kwamba mshale wa mzunguko ulioko ubavuni mwa tairi ulikuwa ukielekea nyuma.

Mshale huo si pambo. Mikato ya tairi na namna tabaka zake zilivyoungwa hupangwa kwa kutegemea upande linakozunguka, na upande wa kufukuza maji au wa kubeba nguvu ya breki hauwi sahihi kwa kuligeuza. Niliwapigia simu nikiwa tayari kwa vita. Walinijibu kwa utulivu kwamba gurudumu lilikuja peke yake, lina diski pande zote mbili, nami sikuwaambia upande upi ni wa kushoto. Niliwaambia kwamba ringi nayo ina mshale wake, umechongwa kwenye mkono mmojawapo wa ringi. Upo, walikubali, ila umefunikwa na rangi iliyopakwa baadaye. Rangi hiyo nilikuwa nimeipaka mimi, miaka miwili nyuma, kwa ajili ya urembo. Kuonyesha upande wa mzunguko ndilo jambo dogo nililolisahau siku ya kwanza, isipokuwa siku ile nilikuwa mikononi mwa mtu aliyeuliza bila kungoja kuambiwa. Tulibishana, na mwisho nililipa tena, na bado naamini kwamba mwenye gereji anayepokea gurudumu tupu ana wajibu wa kuuliza linazunguka upande gani. Siku hizi huchora mshale mkubwa wa chaki kwenye ringi kabla ya kulitoa gurudumu mlangoni.

Matairi yote mawili yalipokuwa mahali pake nilienda taratibu kwa kilomita 160 za kwanza, umbali ambao watengenezaji wengi huutaja, kwa sababu uso wa tairi jipya ni laini na unang'aa na haujapata ukwaruzo wa kushika lami. Kona ya kwanza yenye unyevu niliipita wima kama mwanafunzi.

Mwaka huu tairi la nyuma limekwisha tena. Nimepata linalofaa kwa muuzaji wa mbali, na kabla ya kulipa nikamwomba anipigie picha ya ubavu wenye tarakimu nne, si ile picha nzuri ya tangazo. Alisitasita, kisha akaituma. Niliipeleka picha hiyo kwa fundi wa tatu pamoja na ukurasa wa kitabu cha pikipiki, nikamuuliza kama yuko tayari kulifunga na lini. Jibu lake lilikuja jioni, neno moja: "Lilete." Baada ya dakika chache likaja jingine: "Mwambie asilifunge mikanda."